Siku Mngeta Alipomwita Mlimba kwa Jina

Juzi kijana mmoja alikuja hapa mtaani kwetu Viwanja Sitini, Ifakara, kufunga waifai kwenye duka la vipuri la mwanangu. Kijana mzuri, ana adabu, alinipa shikamoo kabla hata hajashusha ngazi. Akafunga kisanduku chake kwenye kenchi ya paa, taa zikawaka, akanywa soda, akaondoka. Kesho yake kikazima. Mwanangu akampigia simu, nami nikasikia jibu kwa sababu simu ilikuwa kwenye spika: "Bosi, hapo tatizo ni mtandao tu. Nyie subirini."

Subirini.

Simlaumu. Ila nilikaa pale kwenye benchi la duka nikawaza kwamba kuna mambo hakuna aliyewaambia nyinyi mnaopanda mapaa siku hizi. Miaka ya tisini, katika bonde hili, mtandao ulikuwa watu. Ulikuwa mimi, na Mzee Komba, na wauguzi wachache waliokaa jirani na maikrofoni. Ukikatika, hatukuwa na wa kumpigia simu atuambie tusubiri. Basi nisikilizeni kidogo, halafu mwendelee na kazi zenu. Nami nimechoka, sitarefusha sana.

Niliajiriwa kama karani wa redio kwenye shirika moja la afya ambalo siku hizi halipo. Wafadhili walikwenda kwao, milingoti ikaliwa na kutu. Lilikuwa na zahanati bondeni kote, na chumba cha redio kilikuwa hapa Ifakara, nyuma ya hospitali, ukuta mmoja na jiko la wodi. Kazi yangu yote ya ujana ilinuka maharage. Redio zenyewe tuliziita redio koli. Unabonyeza kitufe, unasema, unasema "ova", unaachia, unasikiliza. Ukisahau kuachia, husikii kitu, na bonde zima linakusikia wewe unavyokohoa.

Sasa bonde hili ni refu, na sauti ya Ifakara haikuweza kufika Mlimba yenyewe. Kwa hiyo tulikuwa na ripita, mashine iliyokaa kwenye bega la mlima juu ya Mang'ula, inadaka sauti dhaifu ya kituo kimoja na kuirusha upya kwa nguvu ili vituo vyote visikie. Ni babu wa hivyo visanduku vyenu vya ukutani. Tofauti ni kwamba cha kwenu kikifa mnaleta ngazi. Cha kwetu kikifa tulikuwa tunapanda mlima na askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa ajili ya tembo.

Hewani hatukuitana majina. Kila mtu alikuwa kituo chake. Mimi nilikuwa Ifakara. Hata sokoni wauguzi waliokuja mjini walinipigia kelele, "Ifakara! Nyanya huku bei gani?" na watu wakageuka kutazama ni nani huyo anayeitwa kwa jina la mji.

Ufundi alinifundisha Mzee Komba, na alinifundisha kwa sababu moja ambayo hakuwahi kuikubali mpaka anakufa: alikuwa anaogopa kupanda juu. Mtu wa Songea, mfupi, mikono mipana, alikuwa ametengeneza mota za pampu kwenye mashamba ya miwa kabla hajaja kwetu, na hakuna kitu chenye waya kilichomshinda akiwa amesimama chini. Lakini tukifika chini ya mlingoti, ghafla kiatu chake kinateleza. Siku nyingine ni mgongo. Siku nyingine amekumbuka kwamba bisibisi imebaki kwenye gari, na gari lipo Mang'ula chini kabisa.

"Yusta, mwanangu," ananiambia, "hebu panda wewe uniangalie tu ile antena kama imekaa sawa."

Nikawa napanda. Nilivaa suruali ndani ya kitenge, nikifika pale nakivua kitenge nakitundika mtini. Akina mama wa jumuiya walipopata habari hizo nilisemwa wiki nzima. Mzee Komba alikuwa anasimama chini akitazama majani, siyo mimi, akinielekeza kwa sauti kila nati, na alikuwa anazijua zote.

Huko juu nilijifunza nini kinaua mtandao. Mnadhani ni mitambo mikubwa. Mara nyingi ni maji, na maji huingia kwenye maungio. Waya ukitoka kwenye antena ukaingia moja kwa moja ndani ya boksi, mvua itaufuata waya huo kama njia yake mpaka ndani. Uache ushuke kwanza chini ya tundu, ufanye tumbo, ndipo upande kuingia. Tone la maji litafika kwenye lile tumbo na kudondoka. Jambo dogo kama hilo. Nimeona mashine ya fedha nyingi ikiozeshwa na mtu aliyeona aibu ya kuacha waya umelegea. Na sisimizi: wanapenda boksi la umeme kwa sababu lina joto. Ziba kila tundu, hata lile unalodhani ni dogo mno kwa sisimizi. Yeye hajui kwamba ni dogo.

Mzee Komba alikuwa na swali moja la kwanza kila mtu aliposema redio imekufa: "Imekufa kwa wote au kwako tu?" Ulizeni hilo kabla hamjafungua boksi la zana. Na lingine: badili kitu kimoja, jaribu, ndipo ubadili kingine. Hili yeye mwenyewe alilisahau safari moja, na safari hiyo ndiyo iliyozaa mambo yote ninayotaka kuwaambia.

Kituo cha Mlimba kilikuwa kinapotea. Asubuhi kipo, mchana hakipo, siku nyingine kipo kutwa nzima. Mzee Komba akapanda treni akaenda. Kwa haraka ya kurudi na treni ya kesho akabadili waya, betri na maikrofoni kwa mpigo mmoja, redio ikaongea, akarudi anapiga mluzi. Wiki iliyofuata ikafa tena, na hatukujua lolote zaidi ya mwanzo. Akarudi Mlimba, safari hii akaketi tu kwenye kivuli cha zahanati akaitazama antena kama mtu anayechunga mbuzi. Mchana akatoka mwanamke na beseni la nguo, akaanza kuanika mashuka yaliyolowa juu ya waya wa antena. Uzito wa maji ukauvuta waya, ungio likaachia, redio ikafa. Mashuka yakikauka, ungio linarudi.

Mzee Komba alifurahi sana. Akalirudisha ungio, akashika maikrofoni, na kupitia ripita, vituo vyote vikisikia, akatangaza: "Ifakara, Ifakara, Mlimba hapa. Tatizo limepatikana. Mke wa muuguzi alikuwa anaanika mashuka kwenye waya wa antena. Nimemwomba aanike kwingine. Ova."

Kabla sijajibu, sauti nyingine ikaingia. Ilikuwa sauti ya Mngeta.

"Mlimba, Mngeta hapa. Rudia hapo kwenye mke. Ova."

Niwaeleze. Muuguzi wa Mlimba aliitwa Damiani. Muuguzi wa Mngeta aliitwa Leokadia. Hao wawili walikuwa wamefunga ndoa kanisani Mahenge, shirika likawapanga vituo mbalimbali, wakawa wanaonana mwisho wa mwezi kwa treni. Mke wa muuguzi wa Mlimba alikuwa Leokadia, na Leokadia alikuwa Mngeta, maikrofoni mkononi, wala hakuwa ameanika shuka lolote.

Nilisikia tu jiko la jirani, mtu anakwangua sufuria.

Mzee Komba hakuwa amewahi kumwona Leokadia. Aliporudi Ifakara na kuelezwa alikalia ndoo iliyopinduliwa chumbani kwa redio, akashika kichwa. "Mimi nilikwenda kutengeneza waya," akasema. Tangu siku hiyo hakutangaza tena tatizo lolote hewani zaidi ya neno "limekwisha".

Leokadia hakumfuata Damiani Mlimba kugombana. Hakulia hewani. Alifanya jambo moja tu: hakusema naye tena. Mlimba akiita Mngeta, Mngeta kimya. Akihitaji kumjibu jambo la kazi alikuwa ananiita mimi: "Ifakara, mwambie Mlimba chanjo zipo kwenye treni." Damiani amesikia, bonde zima limesikia, lakini mimi lazima niseme: "Mlimba, Mngeta anasema chanjo zipo kwenye treni." Naye anajibu, "Ifakara, mwambie Mngeta asante." Nikawa mshenga wa ndoa iliyokufa, kila siku ya kazi, na mshahara ule ule.

Jambo hilo lilimkosesha raha Mzee Komba kwa sababu ya ripita. Alikuwa haiamini hata kidogo. "Kitu kimoja kinachobeba watu wote," alikuwa anasema, "siku kikianguka kinaanguka na wote." Kwa hiyo alikuwa ameweka utaratibu. Redio zetu zilikuwa na chaneli ya pili, ambayo haikupita mlimani. Hiyo sauti inakwenda umbali wake mwenyewe tu, mpaka kwa jirani. Kila Jumatatu asubuhi tulihamia chaneli hiyo na kila kituo kikamwita jirani yake. Ifakara nilimsikia Mngeta. Mngeta alimsikia Mlimba. Mlimba alimsikia Masagati, kule milimani ambako barabara inaishia kwenye miguu ya watu. Ripita ikifa, ujumbe utapita mkono kwa mkono.

Pale kati, Mngeta na Mlimba, palikuwa na shida. Jumatatu zote Damiani aliita, "Mngeta, Mlimba hapa, unanipata? Ova," na Leokadia, badala ya kusema, alibonyeza kitufe mara mbili. Tik, tik. Maana yake nimekupata. Utaratibu umefuatwa, njia ipo, na mdomo haujafunguliwa.

Mkubwa wa ofisi alituambia tuache zoezi hilo, linamaliza betri na kuchekesha watu. Mzee Komba akamjibu kwa upole mkubwa kwamba betri ni zake na watu wacheke.

Masika moja radi ilipiga mlima wa Mang'ula. Niliisikia hadi Ifakara. Asubuhi nilipowasha redio, ripita haikuwepo; ule mlio wake mdogo wa kushusha pumzi mwisho wa kila maneno haukuwepo. Mzee Komba alisimama mlangoni na kofia ya mvua kichwani. Nilijua anachofikiria. Juu kule ni mlingoti, na mpandaji wake ni mimi, na mimi nikiondoka hakuna wa kukaa hapa.

"Baki," akasema. "Hamia chaneli ya pili. Mimi nakwenda."

"Mzee, na kupanda je?"

"Tutaonana na askari kule, huenda anajua kupanda." Akachukua waya wa akiba begani, akaenda.

Haikuchukua muda Mngeta akaniita. Sauti ya Leokadia ilikuwa na mikwaruzo, lakini inasikika. "Ifakara, nina ujumbe wa Masagati kupitia Mlimba. Andika." Damiani alikuwa amemsomea, naye, nina hakika, alimjibu kwa tik tik kisha akaniita mimi. Kwa ujumbe wa kuja Ifakara, hilo lilitosha.

Ujumbe ulitoka kwa Avelina, muuguzi wa Masagati, mtu peke yake kule juu. Kuna mama anaitwa Rehema, uchungu umemkamata tangu jana, mtoto hashuki. Uzao wa pili. Wa kwanza alipasuliwa. Avelina anaomba ruhusa ya kumchoma sindano ya kuongeza uchungu.

Nilikimbia wodini nikamleta daktari. Alikuja na viatu vya chumba cha upasuaji miguuni, akasoma, akabadilika uso. "Asimchome!" akasema. "Ana kovu. Akimchoma hiyo sindano kizazi kitapasuka, atakufa hapo hapo. Waambie wasimpe, wamlete. Sasa hivi."

Hapa nawaomba mnisikilize vizuri, kwa sababu hata simu zenu za leo hukatakata maneno. Mzee Komba alikuwa amenikataza kutuma ujumbe unaoning'inia kwenye silabi moja. "Msimpe sindano" na "mpe sindano": tofauti yake ni kipande kidogo cha mwanzo, na mkwaruzo mmoja unakimeza. Unapeleka amri ya kuokoa, inafika amri ya kuua. Njia ikiwa mbaya, neno la kukataza liweke mwisho, peke yake, kubwa. Na yule aliyepokea arudie kwa mdomo wake. Asiporudia, hujatuma.

Nikamwita Mngeta. "Andika. Sindano: hapana. Ana kovu. Mama aletwe Ifakara kwa treni. Mlimba arudie neno kwa neno. Ova."

Leokadia alirudia sawasawa. "Arudie kwa mdomo?" akauliza.

"Kwa mdomo. Ova."

Mimi Mlimba nilikuwa siwezi kumsikia. Nilichosikia ni upande wa Leokadia tu, kama unavyosikia mtu anaongea na simu chumba cha pili. Daktari alisimama nyuma yangu. Mpishi wa wodi alikuwa amekuja mlangoni na mwiko wake.

"Mlimba, Mngeta hapa," Leokadia akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita tangu siku ya mashuka. "Sindano: hapana. Rudia. Ova."

Kimya.

"Usinibonyezee. Sema."

Basi alikuwa amejibiwa kwa dawa yake mwenyewe, tik tik.

"Sindano hapana," akasema tena. Kimya kingine, halafu sauti yake ikapanda. "Siyo kiasi gani! Mimi nasema hapana, wewe unaniuliza kiasi gani?"

Daktari akaweka mkono kwenye bega langu, wala sidhani alijua ameuweka.

"Damiani," Leokadia akasema. Jina, hewani, kinyume cha utaratibu. "Damiani, ni mimi Leokadia. Nisikilize, acha kila kitu. Sindano ha-pa-na. Yule mama ana kovu. Avelina akimchoma, amemwua. Sasa nirudie, neno kwa neno, kwa mdomo wako."

Tulisubiri. Nje mvua ilikuwa inamwagika kwenye bati.

"Ndiyo," akasema hatimaye. "Ndiyo. Hivyo hivyo. Mwite Avelina sasa hivi. Nakungoja."

Aliposema nakungoja alisahau kidole kwenye kitufe kwa muda kidogo, na katika ule muda tulisikia kuku wa zahanati ya Mngeta, na yeye anavyohema. Kisha akaachia. Kisha: "Ifakara, Masagati amepokea. Sindano hapana. Wanamleta."

Miezi baadaye Avelina aliniambia mwenyewe kwamba bomba la sindano lilikuwa limeshajazwa, liko kwenye kidishi, na kwamba alilimwaga nje dirishani kwa sababu aliogopa hata kuliona.

Wanaume wa Masagati walimbeba Rehema kwa machela mpaka mahali ambapo gari linaweza kufika, na Damiani akapanda gari la Mlimba kwenda kuwalaki. Hakukuwa na mwingine wa kwenda. Redio akaiacha. Mnajua aliiacha na nani.

Sisi hatukujua mpaka Leokadia alipoita Mlimba kuuliza habari za treni. Nilisikia upande wake tu.

"Mlimba, Mngeta hapa, unanipata? Ova." Kisha: "Wewe ni nani? Ova." Kisha kimya kirefu, na safari hii kilikuwa kimya cha Leokadia mwenyewe, kwa sababu kule Mlimba lazima mtu alikuwa amejibu jina lake.

Nilitaka kuingilia. Ningesema nini?

"Sikupati vizuri," Leokadia akasema. "Unaachia mapema. Bonyeza, hesabu moja kimoyomoyo, ndipo useme. Ukimaliza, achia. Jaribu." Akangoja. "Bado. Usiiweke mdomoni. Iweke mbali kidogo, kama kikombe cha chai ya moto. Jaribu tena." Akangoja. "Eeh. Hivyo. Sasa umekuwa Mlimba. Nenda stesheni ukawaulize treni iko wapi, halafu rudi uniambie."

Treni ilichelewa siku hiyo, na ndiyo siku pekee maishani mwangu niliyoshukuru treni kuchelewa. Gari la Damiani lilikwama kwenye tope, likakwamuliwa, likafika stesheni ya Mlimba treni ikiwa bado inapumua pale. Tulijua kila hatua kwa sababu yule mwanamke wa mashuka, Editha, alikuwa anakwenda na kurudi kwenye mvua, anabonyeza, anahesabu moja, anasema. Gari la hospitali liliwakuta stesheni ya Ifakara jioni, na damu ilikuwa imeshaandaliwa.

Rehema alipona. Mtoto alitolewa hana pumzi.

Damiani, aliyemsindikiza kwenye treni, alikuja kwenye chumba cha redio amejaa tope hadi mapajani. Nikampa chai. Hakuinywa. Nikamwambia lazima nipeleke habari Masagati kabla Avelina hajazima redio kwa ajili ya betri, na kule juu ndugu wamekaa zahanati wanasubiri. Akainamisha kichwa, akasema, "Peleka, Ifakara." Kwa hiyo alikuwepo, ameketi kwenye ile ndoo ya Mzee Komba, wakati mke wake wa kanisani alipokuwa anampa habari mwanamke wa nyumbani kwake.

"Mlimba, Mngeta hapa. Andika. Mama: mzima. Mtoto: hapana. Rudia, ova."

Kimya.

"Usilie kwenye kitufe, Editha," Leokadia akasema taratibu. "Achia kwanza. Ulie. Halafu bonyeza."

Sikumtazama Damiani. Mna watu wazima nyumbani kwenu, mnajua kuna wakati wa kutazama ukuta.

Mambo ya Mzee Komba niyamalize hapa. Askari wa hifadhi hakujua kupanda mlingoti, alijua tembo. Mzee alilala kwenye kibanda cha hifadhi, kesho yake akapanda mlima, akapanda na mlingoti, akafunga ule waya mpya, na mchana ripita ikafufuka, vituo vyote vikasikika kana kwamba hakuna kilichotokea. Aliporudi nilimuuliza alipandaje. "Nilifumba macho," akasema. "Nati nazijua." Viganja vyake vilikuwa vimechubuka kwa jinsi alivyokuwa amekumbatia vyuma.

Watu wameniuliza kama Leokadia na Damiani walirudiana. Hawakurudiana. Leokadia alihamia upande wa Ulanga, akaolewa na mwalimu. Lakini kazi ya redio waliifanya kwa midomo yao mpaka alipoondoka, wala sikuwa mshenga tena.

Ninachotaka kumalizia ni asubuhi iliyofuata, kabla Mzee hajafika juu, ripita ikiwa bado imekufa. Nilikuwa nimelalia meza. Mngeta akaniita, sauti yake imechakaa kama yangu.

"Ifakara, ujumbe kutoka Masagati. Mume wa Rehema anauliza: amekula? Ova."

Nikauliza kama ni hilo tu.

"Ni hilo tu. Amekula?"

Ningeweza kusema ndiyo, nikarudi kulala. Nilivaa kandambili, nikavuka uwanja kwenye matope mpaka wodini. Rehema alikuwa ameegemea mto, macho yako dirishani, kikombe cha uji mwepesi kiko kwenye stuli kimejaa. Nikamwambia mume wake anauliza kama amekula. Alinitazama muda mrefu, kama mtu asiyeelewa sauti ya mumewe imefikaje hapo kutoka milimani. Kisha akanyoosha mkono, akachukua kikombe, akanywa funda moja, akasitasita, akanywa la pili.

"Mwambie nimekula," akasema.

Nikarudi. Nikabonyeza. "Mngeta, Ifakara hapa. Amekula. Uji. Rudia. Ova."

"Amekula. Uji," Leokadia akarudia. Na nilimsikia anageukia upande wa pili wa bonde, bila kuhangaika na majina ya vituo. "Editha, andika. Amekula." Akangoja. "Uji, Editha. Ndiyo. Mwambie ni uji."